Fimbo ya Tisa Kwenye Njia ya Unguja

Kofi la kwanza Atumani alilipata mbele ya bucha ya Amisi, Kasongo, asubuhi ya Ijumaa, akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na amevua viatu kwa heshima.

"Hilo ni la mama yangu," Amisi alisema, akipangusa damu ya mbuzi mkononi. "Na hili ni langu mwenyewe."

La pili liliirusha kofia ya Atumani kwenye matope. Wanawake waliokuwa wakingoja nyama walipiga vigelegele, na mmoja akapaza sauti: "Kapita! Leo nani iko anahesabu?"

Atumani aliokota kofia, akaikung'uta gotini, akaivaa tena. Damu ilimchuruzika puani ikafika mdomoni.

"Umeniwia radhi, Amisi?"

"Nimekuwia. Sasa toka, unanikimbizia watu."

"Anawavuta, hawakimbizi," mwanamke yule alisema. "Mupige tena, nami nitaongeza kilo moja."

Ilikuwa mwaka wa 1954. Atumani alikuwa ametimiza miaka hamsini na mitatu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa akijiandaa kwenda Unguja, kisiwa alichotoka babu yake, Bulaimu mkubwa, aliyefika Kasongo na misafara ya zamani, mfuko wa mbegu za mpunga mgongoni. Wapo watu wanaoiita nyumba ya Bulaimu nyumba ya wauza watumwa, na wapo wanaoiita nyumba ya watumwa. Nyumba hiyo haikuwajibu hawa wala wale. Ilisomesha watoto wake, ikalima mpunga wake, na haikuwahi kumpeleka mgeni kulala kwa jirani.

Barua ilikuwa imefika kutoka kwa ndugu wa huko, mjukuu wa dada ya babu, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ilisema nyumba ya ukoo ingali imesimama ingawa dari lake limeoza. Njoo kabla ya masika. Usilete blanketi, huku joto haliondoki hata usiku. Lete mbegu ya mpunga ule, maana wazee wetu walikufa wakiusifu.

Miezi mitatu Atumani alishinda kwenye baraza ya Bula Matari, kama watu walivyoiita serikali ya Wabelgiji, mpaka akapewa karatasi ya njia. Ilitaja kila kituo: Kasongo, Kabambare, Lusangi, ziwa, kisha Kigoma, na baada ya hapo treni hadi pwani. Ilisema pia kwamba mwenye karatasi asilale kijiji kimoja zaidi ya siku tatu. Aliisoma mpaka akaijua kwa moyo. Alimfuata dereva mmoja aliyewahi kufika Kigoma, akamuuliza kama meli huinama na kama ina choo. Nyumbani alichemsha maji, akatia chumvi, akawa anakunywa kikombe kila asubuhi ili tumbo lake lizoee bahari.

"Bahari hainywewi, Baba Bulaimu," mkewe Aziza alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza kama ilivyo adabu. "Unaendea ndugu, au unaendea kuhara?"

Lakini maandalizi makubwa hayakuwa hayo. Waislamu wa Kasongo wana desturi kwamba anayevuka maji makuu huwazungukia kwanza watu wake wote na kuwaomba radhi, kwa sababu maji hayambebi mtu mwenye vinyongo vya wenzake mgongoni. Kwa mtu wa kawaida ni kazi ya asubuhi moja, kwa neno la wivu au mbuzi aliyeingia shamba la jirani. Atumani hakuwa mtu wa kawaida. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa kapita, msimamizi wa vibarua, wa barabara ya Kasongo hadi Kabambare, na wakati wa vita vya Wazungu alikuwa kapita wa wakusanya utomvu wa mpira pia. Mzungu alitamka hesabu, kapita akanyanyua mkono. Mkono wa Atumani ulijulikana kutoka mto Lwama hadi milima ya mashariki.

Siku ya kufunga sanduku, Aziza alikuta chini ya kanzu mbili na mfuko wa mbegu kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa. Kilikuwa kiboko chake cha ukapita, ngozi ya mnyama wa mtoni iliyosokotwa na kukauka, nyeusi kwa mafuta ya viganja.

"Na hiki? Unguja kuna mutu wa kupigwa?"

"Si cha Unguja. Ni cha njiani. Nitawapa wenyewe, wanipige nilivyowapiga."

"Maalimu amekuambia radhi inaombwa kwa mudomo."

"Mimi sikuwapiga kwa mdomo."

Mwana wao mkubwa, Bulaimu, alikuwa mlangoni. "Baba, panda treni kama watu. Watu watasema nyumba yetu inapigwa na washenzi wa porini!"

Mkono wa Atumani ulinyanyuka wenyewe, kama zamani, ukabaki hewani. Aliutazama, akauteremsha taratibu.

"Niliowaumiza hawakai relini," alisema.

Akafunga sanduku kwenye baiskeli, akaenda kwa mguu akiisukuma, kwa barabara ile ile aliyoijenga kwa migongo ya watu.

Kijiji cha kwanza mwanamume mmoja alikipokea kiboko, akampiga fimbo tatu, akakitupa vumbini na kurudi kwenye kiti chake. "Nenda," alisema. Kijiji cha pili mama mmoja alikikataa. Alimpigisha magoti kwenye kokoto za barabara, akampa jiwe la kubeba kichwani, kama alivyobebeshwa yeye akiwa na mimba ya miezi minane. Jua lilipanda, likafika utosini, likaanza kushuka. Atumani alipoanguka kifudifudi, mama alilisukuma jiwe kando kwa mguu wake. "Mimba ile haikufika," alisema. "Lakini nimekuwia. Nimechoka kukuchukia, inanimaliza nguvu." Kijiji cha tatu walikuwa vijana waliokuwa watoto enzi zile. Hawakumngoja aseme. Walimponda kwa mawe, moja likampasua nyusi, na akakimbia na baiskeli yake akiona njia kwa jicho moja. Huko radhi hakuipata, kwa sababu hakujua amwombe nani. Kabambare mzee mmoja alimcheka mpaka machozi, akampa maharagwe, akasema hakumbuki kupigwa, ila anakumbuka kwamba Atumani alikuwa na miguu myembamba.

Wengine wote walikuwa utangulizi tu. Aliyemfanya afungue sanduku na kutia kiboko mle alikuwa mtu wa Lusangi, na Atumani aliijua siku yenyewe na saa yenyewe.

Mwaka wa arobaini na tatu kijana aliyeitwa Roger alileta kikapu cha mpira kisichojaa. Mzungu mmoja wa kupita alitazama, akasema fimbo nane, akaingia hemani kula. Kaka wa Roger, Emile, aliamriwa kumshika miguu. Atumani akapiga. Roger hakulia. Aliuma nyasi, na kila fimbo iliposhuka alitoa pumzi tu kupitia puani. Watu thelathini walikuwa wamesimama wakitazama, na ukimya wa kijana yule ukamwingia Atumani kama tusi. Akamaliza ya nane. Akanyanyua mkono tena.

Fimbo ya tisa ilipita juu ya nyingine kwa mshazari, ikafungua nyama juu ya figo. Hapo Roger alilia. Kidonda kilioza, na siku ya ishirini akafa. Kitabu cha Bula Matari kiliandika homa.

Nane zilikuwa za Bula Matari. Ya tisa hakuna aliyeiamuru. Na mtu mmoja tu alikuwa akihesabu, yule aliyeshika miguu. Kama radhi ya fimbo ile haikupatikana, Atumani hakuona atawezaje kukanyaga ubao wa meli.

Alifika Lusangi mchana, uso umevimba, kanzu imegandamana na mgongo. Mama mzee, Véronique, alikuwa uani akipepeta mpunga kwa ungo. Emile, mtu mzima sasa, msalaba mdogo wa shaba shingoni, alikuwa akinoa panga. Hakuhitaji kuuliza ni nani.

"Simama palepale, Kapita. Uwanja huu umefagiliwa."

Atumani akasimama. "Emile, niko njiani kwenda Unguja."

"Nenda. Nani amekufunga miguu?"

"Roger."

Véronique aliacha kupepeta. "Taja hilo jina mara ya pili," alisema, "nitakumwagia chungu cha maji kilicho jikoni. Yanachemka."

"Nitalitaja, mama, kisha umwage. Mzungu alisema nane. Mimi nilimpiga tisa."

Mke wa Emile, Anastasie, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Mama mzee alimtazama Atumani, kisha akageuka kwa mwanawe polepole.

"Emile. Tisa?"

Emile aliweka panga chini.

"Ulijua?"

"Nilikuwa nahesabu, mama."

"Miaka kumi na moja! Unakula chakula changu, unalala chini ya paa langu, na hesabu hiyo iko ndani yako!" Alimpiga ungo wa uso, mpunga ukatapakaa, akampiga tena mpaka ungo ukavunjika ukingo. "Mimi nilikuwa nalaani Bula Matari, nalaani Mzungu ambaye hata uso simjui, kumbe mutu wa kulaani iko na jina!"

"Ningekuambia ungeenda kumuua, mama, nao wangekunyonga."

"Wangeninyonga. Ndiyo. Ilikuwa juu yangu."

Atumani alikwisha fungua sanduku. Aliweka kiboko chini, katikati yao, akavua kanzu. Migongo ya watu wa barabara ilikuwa imerudi yote kwenye mgongo wake. Akalala kifudifudi kwenye uwanja uliofagiliwa.

Véronique alikisukuma kiboko kwa mguu hadi kwa Emile.

"Moja," alisema. "Umpige moja, ile yake. Zile nane mwenyewe hayuko hapa."

Emile akakiokota. Mkono wake ulikijua uzito wake mara moja, na hilo lilimtisha. Akapiga.

"Moja," Atumani alisema, kwa mazoea ya zamani ya kapita, sauti ikiwa sawasawa.

Labda ilikuwa sauti ile, tulivu kama ya mtu anayehesabu mayai. Emile akapiga tena.

"Mbili."

"Emile!" mama aliita.

"Tatu," Atumani alisema. "Nne." Ya tano ilimkuta kwenye jeraha la kijiji cha kwanza, naye akauma vumbi. Ya sita hakuihesabu. Emile alikuwa akilia kwa sauti kama mtoto, kamasi zikimtoka, na kila alipolia alipiga. Ya saba ilipopanda, Véronique alijitupa akaushika mkono wake. Ncha ya kiboko ilimkata mama kuanzia kiwiko hadi kifundo.

"Basi! Nilisema moja! Moja!"

Kiboko kilianguka. Emile alitazama damu kwenye mkono wa mama yake.

"Mama, mkono ulikataa kusimama. Niliuambia simama, ukakataa."

"Najua," Atumani alisema kutoka chini, mdomo umejaa udongo. "Unakataa. Najua."

Kuku walikuwa wamekwisha kuja kwenye mpunga uliomwagika.

"Ya kwanza ilikuwa haki yetu," Véronique alisema, akiubana mkono wake kifuani. "Hizi nyingine nani ameziamuru, Emile?"

"Mama…"

"Nimekuuliza. Mimi sikuziamuru. Padri hakuziamuru. Mwombe radhi."

"Nimwombe radhi mutu huyu? Huyu?"

"Huyu. Ama utembee miaka kumi na moja kama yeye, kisha uje uvuliwe nguo kwenye uwanja wa watu."

Emile alipiga magoti kwa hasira, kama mtu aliyekatwa mishipa. Maneno yalimtoka meno yakiwa yamefungwa. "Niwie radhi, Kapita."

"Nimekuwia. Na wewe?"

Mama mzee alikuwa amefumba macho.

"Nimekuwia," Emile alisema. Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba.

Kiboko hakikurudi sandukuni. Véronique alikiloweka maji siku mbili, akakikata vipande, akafungia mlango wa banda la kuku.

Atumani angepaswa kuondoka siku ya tatu, kama karatasi ilivyosema. Hakuweza kuketi. Homa ilimshika, mgongo ukatoa usaha, na Anastasie alimkanda kwa majani na maji ya chumvi, naye akawa anacheka kwa maumivu akisema kwamba sasa ameionja bahari. Siku ya tisa mvua ikanyesha. Anastasie akamwambia mbegu zilizomo sandukuni zinapata ukungu.

"Pandeni," Atumani alisema. "Zilivuka maji mara moja. Zisisumbuliwe tena."

Siku ya kumi na nne alikuja Marcellin, polisi wa chifu, akaomba karatasi, akahesabu kwa vidole.

"Siku tatu imeandikwa. Na mgongo huu ni wa nani? Nani amekupiga?"

Emile alikuwa amesimama kando ya mlango. Raia aliyempiga mwenzake kwa kiboko angefungwa mwaka mzima na kupoteza shamba. Atumani hakumtazama.

"Nilianguka."

"Ulianguka juu ya kiboko mara zote hizi?"

"Nilianguka kwenye barabara. Niliijenga mimi, mawe yake ni makali."

Marcellin alimpiga kwa kitako cha bunduki ubavuni, na ubavu ukalia kama ukuni mkavu. Alimuuliza tena, akampiga tena, na jibu likabaki lile lile. Emile alitoa mguu mmoja mbele, mdomo ukiwa tayari kufunguka. Atumani, akiwa chini, alimkatiza: "Wewe kijana, nipe maji, usisimame hapo kama nguzo!" Emile akarudisha mguu, akageuka kufuata maji.

Walimpeleka Kabambare amefungwa mikono. Karatasi ya njia ilichanwa mbele yake. Alikaa gerezani siku thelathini na kupigwa fimbo nne juu ya mgongo usiopona, na hakutaja jina. Hiyo ndiyo sababu hakufika Unguja. Wapo watu Kasongo, na wanajulikana, wanaosema hadi leo kwamba karatasi yake ilikuwa ya wizi, ama kwamba aliogopa maji akarudia ziwani. Karatasi ilikuwa halali na mhuri ulikuwa wa kweli. Ziwa hakuliona.

Siku ya kutoka gerezani alimkuta Emile nje na baiskeli, sanduku limefungwa nyuma. Hawakuongea njia nzima, isipokuwa kwenye kijiji cha tatu, ambako Emile aliokota jiwe kubwa na kuwauliza wale vijana nani anataka kuanza.

Waliingia Kasongo adhuhuri, watu wakitoka msikitini. Uani kwao Bulaimu mwana alimwona baba yake amepinda kama mundu, akamwona mwanamume mgeni mwenye msalaba shingoni, akaelewa nusu. Alinyakua mchi kwenye kinu.

"Ni huyu? Ni huyu, baba?"

Mchi ulishuka. Atumani alikuwa amekwisha kuingia katikati, na ulimvunja mkono wa kushoto badala ya kichwa cha Emile. Bulaimu aliuachia mchi kama aliyeshika moto.

Aziza alitoka, akamtazama mumewe, akatazama mkono uliokuwa umening'inia, akamtazama mgeni.

"Nyumba ya Bulaimu haipigi mgeni," alimwambia mwanawe. "Okota mchi, uoshe, unitwangie. Mgeni atakula kwanza. Kisha tutalia."

Mkono ule haukunyooka tena. Atumani aliishi miaka mitano mingine, akilima mpunga kwa mkono mmoja. Akiulizwa Unguja ikoje alijibu kwamba ina joto, usibebe blanketi.

Alizikwa mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kama ilivyo desturi, kabla ya maiti kuteremshwa kaburini maalimu aligeuka kwa watu akauliza kwa sauti: yupo mwenye kinyongo na mtu huyu? Aseme sasa, watu wake watengeneze. Wazee waliinamisha vichwa. Amisi wa bucha alijikohoza, akanyamaza. Na nyuma kabisa, kati ya kanzu nyeupe, mtu mwenye msalaba wa shaba, aliyekuwa ametembea siku nne kutoka Lusangi na kapu la mpunga kichwani aliposikia kwamba Atumani ni mgonjwa, alivua kofia yake, kwa kuwa hakujua kwamba hapo haivuliwi.

"Hakuna," Emile alisema. "Nilihesabu mimi. Hakuna."

Ndipo wakamteremsha.